Filimbi Iliyotupwa na Wenyewe

Yako maoni yaliyoota mizizi katika madarasa yetu, na hata katika ofisi zilizokabidhiwa kazi ya kulinda utamaduni, yasemayo kwamba ala za muziki hupangwa kama taa: kwanza kibatari, kisha karabai, kisha umeme, na ajapo mwenye umeme, mwenye kibatari hana budi kukizima. Kwa kipimo hicho filimbi ya mwanzi ni utoto wa filimbi ya chuma, zeze ni utoto wa fidla, na marimba ya mkono ni utoto wa piano. Mwalimu afundishaye hivyo hajioni kuwa anadharau kitu. Hudhani kwamba anaeleza maendeleo.

Sisi tunayapinga maoni hayo, na tunayapinga waziwazi. Wala hatutatafuta shahidi nyumbani, maana shahidi wa nyumbani ataambiwa kuwa anajipendelea. Tutamwita shahidi kutoka Ulaya kwenyewe, kwa kuwa maoni haya yaliletwa kwa jina la Ulaya na kwa jina hilo yangali yakitetewa. Shahidi wetu ni filimbi moja ya mti, ambayo ilitukuzwa katika majumba ya wafalme, ikatupwa na wenyewe pasipo kushurutishwa na mgeni yeyote, kisha ikatafutwa tena kwa taabu na gharama baada ya zaidi ya karne moja. Msomaji atusikilize kwa subira, kwani kisa cha filimbi hii kina mafundisho kwa kila nchi iliyo na ala za kurithi.

Waingereza huiita rekoda, jina ambalo wengi wetu hulijua kwa mashine ya kunasia sauti, ingawa filimbi ililichukua karne nyingi kabla mashine hiyo haijabuniwa. Wafaransa huiita filimbi ya mdomo wa ndege, kwa sababu ya umbo la pale pashikwapo na midomo. Waitaliani huiita filimbi tamu. Wajerumani, ambao katika mambo ya ufundi hupenda kusema kitu kilivyo, huiita filimbi ya kizibo. Kizibo hicho ndicho siri yake. Aghalabu hukatwa katika mti wa mwerezi, ambao hauvimbi sana upatapo unyevu wa pumzi. Kati ya kizibo na paa la mdomo wa filimbi huachwa njia nyembamba. Pumzi hupita humo, hugonga ukingo mkali, hugawanyika, na sauti huzaliwa. Mbele pana matundu saba, na nyuma pana tundu moja la kidole gumba, ambalo likifunguliwa kidogo tu sauti huruka daraja la juu. Mwili wa filimbi hutengenezwa kwa mti mgumu, na zamani za matajiri ulitengenezwa pia kwa pembe ya ndovu, mali ambayo Ulaya haikuwa nayo.

Ala hii ina sharti moja gumu. Mpulizaji akizidisha pumzi ili apaze sauti, sauti hupanda juu ya kima chake na kuharibika, akipunguza, hushuka. Haiwezekani basi kupiga kelele kwa rekoda, na haiwezekani kunong'ona nayo jinsi mtu apendavyo. Kwa hiyo mafundi wa zamani walitafuta uhai wa sauti mahali pengine, yaani katika ulimi. Mwaka 1707 Mfaransa Jacques Hotteterre alichapisha kitabu cha kufundishia filimbi, na humo alieleza jinsi ya kugawa sauti kwa silabi mbili, tu na ru, ili moja iwe nzito na ya pili iwe nyepesi. Sisi tuhesabuo mizani tutaelewa mara moja. Mpulizaji wa rekoda hasemi kwa nguvu. Husema kwa matamshi.

Ndiyo ala ambayo watunzi wa zama ziitwazo za baroki, yaani tangu mwaka 1600 hivi hadi 1750 hivi, waliiandikia koncheto. Koncheto ni utungo ambamo ala moja, au chache, husimama mbele ya kundi la ala na kuzungumza nalo: mara kundi hutoa kibwagizo, mara ala pekee hujibu kwa maneno yake, kama malenga na waitikiaji wake. Antonio Vivaldi wa Venice, ambaye mwaka 1703 aliajiriwa kufundisha fidla katika nyumba iliyolea mabinti waliotupwa na wazazi wao, aliandika koncheto za rekoda zenye kumtoa jasho hata bingwa. Ile ya C ndogo, na zile tatu za filimbi ndogo kabisa ambayo wataalamu wengi hukubali kuwa ni rekoda, zina mbio za vidole zisizosamehe uzembe. Johann Sebastian Bach, katika koncheto sita alizomtunukia mtawala mdogo wa Brandenburg tarehe 24 Machi 1721, aliiweka rekoda mbele katika ya pili na ya nne. Katika ile ya pili alifanya jambo ambalo leo huonekana kama wazimu: alisimamisha bega kwa bega rekoda, obo, fidla na tarumbeta, kila moja ikiwa na haki sawa ya kusema.

Hapa ndipo mabishano yetu yanapoanza. Okestra za karne ya 20 zilipoipiga koncheto hiyo, rekoda haikusikika. Wakubwa wa muziki wakatoa hukumu upesi: rekoda ni dhaifu, Bach aliiandikia kwa kukosa iliyo bora, tuiweke filimbi ya chuma mahali pake. Hukumu hiyo ilirudiwa katika vitabu na madarasa, ikapata heshima ya ukweli. Lakini hakuna aliyewauliza majirani wa rekoda. Tarumbeta ya Bach haikuwa na vali. Ilikuwa bomba refu tupu, na fundi wake aliitafutia sauti kwa midomo, akipuliza juu kabisa pale sauti iwapo nyembamba na angavu. Fidla za Bach zilikuwa na nyuzi za utumbo wa kondoo, wala si za chuma, na upinde wake ulikuwa mwepesi. Kinanda kilichoambatana nazo hakikugonga nyuzi kwa nyundo kama piano, kilizidonoa. Wachezaji walikuwa wachache. Wote hao walipoondolewa na kuwekwa wenye nguvu zaidi, aliyebaki peke yake akaitwa mnyonge. Ndivyo ilivyo desturi ya dunia hii: kwanza wenzako huongezewa sauti, kisha wewe huulizwa kwa nini husikiki.

Jaribio lilikuwa rahisi, na lilipofanywa lilijibu. Zilipotengenezwa upya ala zote kwa vipimo vya zama zile, zikapigwa pamoja, rekoda ilisikika. Ilikaa mahali pake katika mazungumzo kama Bach alivyoiweka. Kosa halikuwa la filimbi wala la mtunzi. Lilikuwa kosa la kudhani kwamba utungo ni kitu kimoja na ala ni kitu kingine, na kwamba unaweza kubadili cha pili bila ya kuugusa wa kwanza.

Tueleze sasa jinsi ilivyotupwa, maana hata katika kutupa mna mafunzo. Zamani hizo neno filimbi, likiandikwa na Mwitaliani peke yake, lilimaanisha rekoda. Filimbi ya kulazwa ubavuni ililazimika kutajwa kwa jina lake kamili. Kidogo kidogo jina likahama. Karibu na mwaka 1729 Vivaldi alichapishiwa mjini Amsterdam koncheto sita za filimbi ya ubavuni, na mojawapo, ile ya F, alikuwa ameiandika kwanza kwa ajili ya rekoda. Soko lilikuwa limegeuka, na mtunzi akageuka nalo. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alikuwa mpenzi wa filimbi ya ubavuni, na mwalimu wake, Johann Joachim Quantz, aliitungia kitabu kikubwa mwaka 1752. Filimbi hiyo iliweza kupaza na kupunguza sauti, jambo ambalo mtindo mpya wa muziki ulilitaka. Kumbi zikapanuliwa, wenye tikiti wakaongezeka, na rekoda haikufaa tena. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Karne ya 19 ilipoanza, ala ambayo Bach aliitunukia mtawala ilikuwa imekwisha kuwa kitu cha kabatini.

Hatusemi kwamba filimbi ya ubavuni ni mbaya. Hapana. Yuko mtunzi mmoja wa zama zile aliyeliona jambo hili kwa jicho la haki kuliko wote, naye ni Georg Philipp Telemann. Katika koncheto yake ya E ndogo alizisimamisha filimbi mbili pamoja, rekoda ya zamani na filimbi ya ubavuni iliyokuwa mpya, akazipa maneno sawa. Hupokezana, hufuatana, huimba sambamba, wala hapana mahali ambapo moja humshinda mwenziwe. Koncheto hiyo ni hoja kamili dhidi ya wale wapangao ala kama taa, nayo iliandikwa na mtu aliyeishi wakati uleule ambapo ala moja ilikuwa ikiisukuma nyingine nje ya mlango.

Tena sikilizeni mwisho wa koncheto hiyo. Besi hushikilia sauti moja bila kuiacha, kama mivumo ya zumari ya mfuko, na juu yake filimbi hucheza ngoma ya mbio isiyofanana na adabu za ikulu. Ilitoka wapi? Telemann mwenyewe alieleza katika maandishi juu ya maisha yake, yaliyochapishwa mwaka 1740. Alipokuwa kijana mtumishi wa bwana mmoja huko Sorau, ambako leo ni Poland, aliwasikia wapiga zumari za mfuko na fidla wa Kipoland katika vilabu vya pombe, akastaajabia uhodari wao wa kubuni, akayachukua mawazo yao na kuyavika nguo za Kiitaliani. Hakuona haya kusema hivyo. Basi asije mtu akatuambia kwamba muziki huu ulishuka kutoka kwa mabwana pekee. Sehemu yake iliyo hai kupita zote ilitoka kwa wanakijiji wasiojua kuandika noti.

Kufufuka kwa rekoda ni kazi ya mafundi, si ya maprofesa. Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Le Mans nchini Ufaransa aliyefanya kazi Uingereza, alinunua mwaka 1905 rekoda ya kale iliyotengenezwa na Bressan, fundi mashuhuri wa London wa zama za baroki. Aliipiga, akaipima, akaandika vipimo vyake. Mwaka 1919 mwanawe, akiwa bado mtoto, aliusahau mfuko wenye filimbi hiyo katika kituo cha reli cha Waterloo, na filimbi ikapotea. Dolmetsch alibaki na vipimo na kumbukumbu ya sauti. Kwa hivyo viwili alikaa katika karakana yake huko Haslemere, akachonga, akaharibu, akachonga tena, hata akapata rekoda iliyosema sawasawa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini na tukumbuke kwamba uhunzi haukuisha kwa sababu koleo lilikuwa limekwisha kupimwa kabla halijavunjika.

Kufufuka huko kulikuwa na ajali zake, na moja yafaa itajwe kwa ajili ya walimu. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Peter Harlan, alipoleta rekoda kwa vijana wa nchi yake, aliyabadili matundu ili sauti za mwanzo ziwe nyepesi kwa vidole vya mwanafunzi. Mafundi wa kale walikuwa wameweka mahali pamoja mpangilio wa vidole ulio mgumu kidogo; yeye aliuona kuwa ni kasoro. Mtoto akafurahi wiki ya kwanza. Alipofika kwenye sauti zilizo katikati ya zile za mwanzo, akakuta haziwezi kulingana tena, maana ule ugumu mdogo ndio uliokuwa ukizishika. Filimbi za mpangilio huo zimeendelea kuuzwa kwa wanafunzi hadi zama zetu. Kisha, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, rekoda za plastiki zikaenea duniani kwa bei ndogo, na ala iliyompa jasho bingwa wa Venice ikajulikana kama kifaa cha watoto wa shule za msingi. Nchini Kenya imeingia katika somo la muziki la shule za msingi, na maelfu ya watoto wamepuliza ile ya plastiki pasina kuambiwa kwamba Bach aliiandikia.

Waliorudisha heshima yake ni wapigaji na mafundi wa nusu ya pili ya karne ya 20. Nikolaus Harnoncourt alianzisha mjini Vienna, mwaka 1953, kundi la kupiga muziki wa kale kwa ala za kale. Frans Brüggen, Mholanzi aliyefariki mwaka 2014, alizipuliza rekoda zenyewe za karne ya 18, akaonyesha kwamba sauti iliyodhaniwa kuwa ya kitoto ina kina na uchungu na kejeli. Frederick Morgan, fundi kutoka Australia, alizipima ala hizo kwa subira na kuzichora, ili mafundi wengine wazitengeneze. Hata karatasi zenyewe zilikuwa na bahati yake. Mwaka 1926 shule moja ya watawa katika Italia ya kaskazini ilitaka kuuza vitabu vyake vya kale ili ipate fedha, na humo mkakutwa hati nyingi za mkono wa Vivaldi. Baba wawili wa Torino, Roberto Foà na Filippo Giordano, kila mmoja akiwa amefiwa na mwanawe mdogo, walitoa fedha za kununua hati hizo na masalia yake, mwaka 1927 na mwaka 1930, zikawekwa katika maktaba ya mji kwa majina ya watoto wao. Humo zimo koncheto za rekoda tulizozitaja.

Sasa tuwajibu wapinzani, maana hoja isiyojibu upinzani ni tangazo tu.

Wa kwanza husema: haya yote ni kujidanganya; mtu wa leo hana masikio ya mwaka 1721. Miongoni mwao yumo mwanachuoni Mmarekani Richard Taruskin, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1995 alidai kwamba wapigaji wa ala za kale, wajidhanio kuwa wanarudisha yaliyopita, kwa kweli huonyesha ladha ya karne ya 20. Kwa kiasi fulani asemalo ni haki. Wapigaji hao wamekubaliana kuiweka sauti ya A kwenye mitetemo 415 kwa sekunde, nusu hatua chini ya 440 itumikayo duniani leo, ilhali katika zama za baroki kila mji ulikuwa na kima chake. Hayo ni mapatano ya watu wa leo kwa manufaa ya watu wa leo. Nasi tunakubali kwamba maiti hafufuki. Lakini mpinzani huyo amejibu swali ambalo sisi hatukuliuliza. Hatukusema kwamba ala ya kale humrudisha mtu nyuma. Tulisema kwamba ala humfundisha mpigaji. Ukishika rekoda iliyochongwa sawasawa, mkono na pumzi yako vitajua kwa nini Vivaldi aliweka pumziko pale na si hapa. Ukishika filimbi ya chuma hutajua, kwa kuwa yenyewe haihitaji pumziko hilo.

Na karatasi haiwezi kumfundisha hayo. Katika sehemu za polepole watunzi wa zama zile mara nyingi waliandika mifupa tu ya wimbo, wakamwachia mpigaji ajaze nyama kwa mapambo aliyofundishwa na mwalimu wake. Sisi tutungao kwa Kiswahili hatuhitaji maelezo marefu. Utenzi uliochapishwa katika kitabu haukukamilika. Umekosa mahadhi, na asiyepata kuyasikia mahadhi husoma silabi nane nane kama ahesabuye magunia. Noti za Vivaldi zilisomwa hivyo hivyo kwa miaka mingi, na wasomaji wakasema kwamba Vivaldi anachosha.

Mpinzani wa pili husema: muziki huu ni wa Wazungu, nao wamekwisha kuutengeneza, sisi unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu makosa waliyoyafanya na kuyajutia, sisi tunayaiga baada ya wao kuyaacha. Tumeona katika shule moja marimba ya mkono ya Kigogo, yenye ndimi za chuma zilizopangwa na mzee aliyejua kazi yake, ikisukumwa ndimi moja moja hata ilingane na kinanda cha umeme, ili iweze, kwa maneno ya mwenye kuisukuma, kuimba nyimbo za kweli. Kilichoharibiwa pale si ndimi tu. Upangaji wa Wagogo hufuata sauti zizaliwazo zenyewe ndani ya sauti moja ya asili, na uimbaji wao wa pamoja umejengwa juu ya msingi huo. Marimba iliyolinganishwa na kinanda haiwezi tena kuandamana na waimbaji wake. Wataambiwa waimbaji kwamba wao ndio wamekosea. Ni hukumu ileile iliyotolewa juu ya rekoda, isipokuwa safari hii hakuna hata Bach wa kuitetea.

Mpinzani wa tatu husema: ala hizi za vipimo vya kale ni ghali, nasi hatuna hata madawati ya kutosha. Huyu tunamheshimu, kwani husema kweli. Wala hatudai shule iagize rekoda kutoka Ulaya. Tunachodai hakihitaji fedha za kigeni. Kinahitaji rula, daftari na adabu mbele ya wazee.

Tukumbuke tulikotoka. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi walifundishwa ngoma za kigeni hata wasijue zao, akaunda wizara ya kuutafuta na kuurudisha utamaduni wetu. Kutoka kwenye nia hiyo vilizaliwa vikundi vya ngoma vya taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka Ugogo na marimba yake na zeze lake, akazunguka dunia bila kubadili ndimi zake kwa ajili ya kinanda cha mtu. Alisikilizwa jinsi alivyo.

Lakini iko tofauti moja kati yetu na Ulaya, nayo inatutia hofu. Wao walipoitupa filimbi yao, waliitupa kabatini. Kulikuwa na kitabu cha Ganassi, kilichochapishwa Venice mwaka 1535, na kile cha Hotteterre. Kulikuwa na pembe na miti iliyochongwa na akina Denner wa Nürnberg na Bressan wa London, imelala katika majumba ya makumbusho. Kulikuwa na hati za Vivaldi katika shule ya watawa. Walilala miaka 150, wakaamka, wakakuta kila kitu mahali pake kikiwa na vumbi. Ala zetu nyingi hazina kabati. Kitabu chake ni kidole cha fundi mzee, na hati yake ni kumbukumbu ya mwanafunzi ambaye sasa anauza vocha mjini. Sisi tukilala, hatutakuta vumbi. Usiache mbachao kwa msala upitao: waliousema hawakuwa na makumbusho ya kuwekea mbacha.

Basi tunasema na walimu kwanza. Mwalimu ambaye katika wilaya yake yuko fundi wa filimbi, zumari, zeze au marimba, na apeleke wanafunzi kwake wangali wana nafasi. Waipime ala: urefu wake, upana wa tundu lake, umbali kati ya tundu na tundu, mti ulioikatwa, mwezi ukatwapo mti huo. Waandike jina la kila sehemu kama fundi alitajavyo, wala si kama kamusi ilitajavyo. Wainase sauti yake kabla ya kuilinganisha na chochote. Na mwalimu afundishaye rekoda ya plastiki asiifundishe kama mchezo wa kungojea ala ya kweli. Awape wanafunzi wasikie koncheto ya Telemann yenye filimbi mbili, awaulize ipi imeshinda, kisha awaache wabishane.

Kwa nyinyi wanafunzi tuna neno fupi. Mtakapoambiwa kwamba ala fulani ni dhaifu, ulizeni imewekwa karibu na nani, katika ukumbi gani, na ni nani aliyeupanga ukumbi huo. Mkiambiwa kwamba ni ngumu mno na yafaa irahisishwe, ulizeni ule ugumu ulikuwa ukishika nini. Na mkiambiwa kwamba wakati wake umepita, mwulizeni asemaye hivyo kama amekwisha kuipima.